Senti nne kwa mche uliopona: kisa cha Wangari Maathai na kujitolea kwa msomi

Septemba 1960, karibu vijana 300 kutoka Afrika Mashariki walipanda ndege kwenda kusoma Marekani. Kundi la kwanza, la watu 81, lilikuwa limetangulia mwaka mmoja nyuma. Mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, ndiye aliyekuwa amezunguka vyuo vya huko akiomba nafasi, na Wamarekani mashuhuri kama mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte wakasaidia kuchangisha nauli. Kwa safari ya 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Miongoni mwa abiria alikuwamo binti wa miaka 20 kutoka Ihithe, Nyeri, aliyetoka kumaliza shule ya sekondari ya wasichana ya Loreto Limuru.

Miaka 44 baadaye binti huyo, Wangari Maathai, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Tangu hapo, kila zinapotajwa habari za wafadhiliwa waliotunukiwa kwa huduma ya kujitolea, yeye huwa mfano wa kwanza. Hadithi husimuliwa kwa pumzi moja: alisaidiwa, akasoma, akarudi, akapanda miti, akatuzwa.

Sina ugomvi na hadithi hiyo, ila inaruka mahali ambapo kisa chenyewe kipo. Kati ya 1974 na 1982 Wangari alijaribu kutoa huduma kwa njia tatu. Ya kwanza ilikufa. Ya pili ilipendeza machoni lakini haikuwa na mizizi. Ya tatu ndiyo iliyoshika, na naamini ilishika kwa sababu ya kanuni moja ya malipo ambayo wengi huitaja kama jambo dogo la kihasibu.

Msomi aliyetumwa na wasomi wenzake

Alisomea biolojia katika chuo cha masista Wabenediktini, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas, akahitimu 1964. Shahada ya uzamili aliipatia Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Aliporudi Nairobi Januari 1966 alikuwa na barua ya kuajiriwa msaidizi wa utafiti katika idara ya zoolojia. Alipofika kuripoti akaambiwa nafasi imekwisha pewa mtu mwingine. Baadaye aliokotwa na profesa Mjerumani wa anatomia ya mifugo, na kupitia idara hiyo akapata udaktari wa falsafa mwaka 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati.

Utafiti ulimtoa mjini. Alikuwa akichunguza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, na kupe hukusanywa malishoni. Huko alikuta ng'ombe waliokonda hadi mbavu zinahesabika, na baada ya mvua mito ilikuwa imebeba udongo. Kwao Ihithe, mti wa mugumo aliokatazwa na mama yake kuuokotea kuni ulikuwa umekatwa kupisha chai, na kijito kilichokuwa karibu nao kimekauka. Macho ya mwanasayansi yalimsaidia hapo. Watu wengi waliona ng'ombe wakikonda. Wachache walihusisha mbavu za ng'ombe na kilima kilichonyolewa miti.

Hata hivyo, mlango wa huduma haukufunguliwa na maabara. Ulifunguliwa na chama. Wangari alikuwa mwanachama wa chama cha wanawake wa Kenya waliosoma vyuo vikuu, nacho kikamtuma kukiwakilisha katika Baraza la Kitaifa la Wanawake, shirika lililokusanya vikundi vya akina mama wa mijini na mashambani. Baraza lilikuwa linajiandaa kwa mkutano wa kimataifa wa wanawake uliofanyika Mexico mwaka 1975, na wanawake wa vijijini waliulizwa shida zao ni zipi.

Wasomi wa mjini walitazamia mazungumzo ya ajira na elimu ya wasichana. Wenzao wa mashambani walisema kuni zimekuwa mbali, maji safi hayapo, chakula hakitoshi na watoto wanadhoofika ijapokuwa mashamba yamejaa mazao ya biashara. Mama asiye na kuni huacha kupika maharage na githeri, vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu, akageukia vyakula vyepesi vya dukani. Kwa hiyo upungufu wa miti ulikuwa unaingia hadi kwenye sahani ya mtoto.

Mtu aliyetoka kwa ufadhili kwa kawaida hurudisha kile alichopewa: naye huanzisha ufadhili, hulipia karo, hununua vitabu. Ni jambo jema, wala silidharau. Lakini wanawake wale hawakuomba karo. Wangari alikubali kujibu ombi lililoletwa, ingawa halikufanana na zawadi aliyowahi kupewa yeye.

Jaribio lililokufa

Mwaka 1974 mumewe aligombea ubunge wa Lang'ata, na kampeni ikaahidi ajira kwa watu wa mitaa ya maskini. Uchaguzi ulipokwisha, Wangari alishangaa kuona ahadi inasahauliwa. Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, ya kuwaajiri watu hao kutunza bustani za wenye nyumba kubwa na kupanda miti. Kitalu cha miche kilikuwa katika Msitu wa Karura.

Mpango ulionekana kuunganisha pande mbili vizuri: matajiri wanataka bustani, maskini wanataka kazi. Ila mtu anayeishi kwa kibarua hawezi kungoja mwisho wa mwezi. Anahitaji nauli ya asubuhi na chakula cha jioni. Wateja nao hawakukimbilia huduma. Fedha zilizokuwa zikiingia humo zilitoka zaidi mfukoni mwa mwanzilishi. Juni 1976 alihudhuria mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi, Vancouver, akarudi akiwa amejaa mawazo na kukuta miche imekufa.

Hapa wasimulizi husema alikuwa na moyo wa chuma, hakukata tamaa. Sawa. Ila moyo wa chuma haumwagilii kitalu. Jaribio lile lilikuwa na kasoro ya muundo: kila kitu kilimtegemea mtu mmoja. Alipokuwa Kanada, hakukuwa na mtu Nairobi ambaye angepoteza chochote cha kwake kama miche ingekauka. Wafanyakazi walikuwa wa kampuni, ardhi ya serikali, wazo la Wangari. Mche haukuwa na mwenyewe.

Sherehe ya miti saba

Mwaka 1977 Baraza la Wanawake lilikubali kulibeba wazo lake, na likalivisha jina ambalo kila Mkenya wa wakati huo alilielewa: harambee, safari hii ya kuokoa ardhi. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, waliandamana kutoka jumba la mikutano la Kenyatta hadi uwanja wa Kamukunji na kupanda miti saba kuwaenzi mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya, miongoni mwao Mekatilili wa Menza na Masaku.

Kwa tukio la umma, lilipangwa kwa akili. Historia ilikuwamo, na halikuwa jambo la kabila moja tu. Magazeti yaliandika, na baada ya hapo maombi ya miche yakaanza kumiminika kutoka shuleni, makanisani na kwa wakulima. Wangari alikwenda Idara ya Misitu akasema wanataka kupanda mti mmoja kwa kila Mkenya, yaani miti milioni 15 hivi. Mkuu wa idara alicheka na kuahidi kuwapa miche yote wanayotaka bila malipo. Haikuchukua muda mrefu akaona miche inakwisha kweli, na ahadi ya bure ikaondolewa.

Kati ya miti saba ya Kamukunji, miwili ndiyo iliyodumu. Sioni aibu katika idadi hiyo. Uwanja wa mjini hukanyagwa na kila mtu, na mti wa sherehe una wageni wengi kuliko walezi. Lakini kama huduma hii ingepimwa siku ile, kwa picha na idadi ya mashimo yaliyochimbwa, ingepata alama zote. Kamati nyingi za tuzo hupima hivyo hivyo hadi leo: miche iliyopandwa, watu waliofikiwa, saa zilizotolewa. Hivyo vyote huandikwa siku ya tukio, na siku ya tukio ndiyo siku ambayo mche unapendeza kuliko siku nyingine yoyote.

Wanawake, mabwana misitu na vyungu vilivyovunjika

Miche ya bure ilipokosekana, ilibidi wanawake waioteshe wenyewe. Wangari aliwaita maofisa wa misitu wawafundishe. Somo likaja na mwinuko wa kitalu, upande wa jua, mchanganyiko wa udongo na vifaa maalumu. Wanawake, wengi wao wasiojua kusoma, walitoka pale wamechanganyikiwa zaidi ya walivyoingia. Na maofisa waliona hilo linathibitisha walichoamini tangu mwanzo, kwamba kupanda miti kunahitaji mwenye diploma.

Wangari, mwenye shahada tatu, aliamua kwamba diploma haihitajiki hapa. Aliwaambia wanawake watumie ujuzi walio nao; mtu anayeotesha mahindi na maharage kila msimu anajua mbegu inataka nini. Wakaanza kukusanya mbegu za miti ya kienyeji, kuatika katika makopo na vyungu vilivyovunjika, na kuchungulia ni mbegu ipi imechomoza lini. Mmoja alipogundua jambo alimfundisha jirani. Baadaye waliitwa mabwana misitu wasio na diploma, na ni jina walilolibeba kwa majivuno.

Nadhani hapa ndipo elimu ya ufadhili ilipofanya kazi yake ngumu zaidi. Msomi mwingine angetetea njia ya wataalamu kwa sababu ndiyo iliyompa heshima yake. Yeye aliijua sayansi kiasi cha kujua sehemu gani yake inaweza kuachwa bila mche kufa.

Kisha ikaja kanuni. Kikundi kilitakiwa kujisajili, kutafuta mahali pa kitalu, kutoa taarifa ya maendeleo, kuwagawia majirani miche bure baada tu ya mashimo kuchimbwa, na kurudi kukagua. Mche ukionekana umeshika, kikundi kililipwa senti nne za Marekani. Uliokufa haukulipiwa. Vikundi vilihimizwa kupanda kwa safu za miti elfu moja au zaidi, kama mikanda, na ndiyo asili ya jina Green Belt Movement.

Fanya hesabu: miche elfu moja iliyopona ni dola 40. Kwa kikundi cha kijijini mwishoni mwa miaka ya 1970 hizo zilikuwa fedha za kununua kitu, ingawa hakuna atakayedai ni mshahara. Tazama vilevile kilichobadilika ukilinganisha na Karura. Mwenye kitalu sasa alikuwa na cha kupoteza. Jirani aliyepewa mche alikuwa na mtu anayekuja kumuuliza, "Ule mti vipi?" Taarifa ilihusu mti wa miezi kadhaa badala ya mti wa siku moja. Na mwanzilishi angeweza kusafiri.

Je, huko ni kujitolea?

Nimekutana na hoja kwamba anayelipwa hajitolei, na kwamba senti nne ziliigeuza huduma kuwa kibarua. Hoja hii huletwa zaidi na watu wenye mshahara. Mwalimu wa chuo kikuu anaweza kutoa Jumamosi yake kwa sababu Jumatatu hadi Ijumaa zimelipiwa. Mama wa Nyeri au Murang'a aliyekuwa akiatika miche alitoa muda uliokuwa wa shamba lake, wa kuni na wa maji. Kumwambia afanye bure ni kumtaka achangie zaidi ya anavyochangia msomi.

Isitoshe, hata Wangari alifika mahali hapo hapo. Mwaka 1982 alijiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo, akaenguliwa kwa madai kwamba hakuwa amejiandikisha kihalali kupiga kura. Aliporudi kuomba kazi yake akaambiwa imejazwa. Nyumba ya chuo nayo ikaenda. Mtu aliyekuwa akitoa huduma pembeni ya ajira akabaki na huduma bila ajira.

Kilichofuata kilitokana na mgeni mmoja kutoka chama cha misitu cha Norway aliyekuja kutafuta nani wa kushirikiana naye, akaona anayefaa kuratibu kazi hiyo ni Wangari mwenyewe. Pia uliingia msaada wa mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake, dola 122,700. Kwa mara ya kwanza Wangari akawa mratibu wa kulipwa, na vuguvugu likawa na wahamasishaji na wakaguzi wa kudumu. Upanuzi mkubwa wa miaka ya 1980 ulianzia hapo. Kwa hiyo katika kisa hiki, huduma ilikua pale watu wa ngazi zote walipoacha kufanya bure kabisa, kuanzia mama wa kitalu hadi mkuu wa ofisi.

Lakini kanuni ya senti nne ina upande usiosemwa sana. Kulipia mche uliopona tu humhamishia mpandaji hatari yote. Mvua ikigoma, jasho lake la miezi halina malipo, na yeye ndiye asiye na akiba. Shirika lilipata hesabu safi. Mwanamke alipata bahati nasibu ya hali ya hewa. Ningekuwa mmoja wa wafadhili wa wakati ule ningeuliza kama sehemu ndogo ya malipo isingetolewa mche unapotoka kitaluni, na iliyobaki baada ya kupona. Hesabu ingekuwa na ugumu zaidi kidogo, ila mzigo wa ukame ungegawanywa.

Tuzo zilifanya nini

Mwaka 1984 alipewa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden. Mwaka 1990 chuo chake cha zamani huko Atchison, ambacho sasa kinaitwa Benedictine College, kilimpa nishani ya wahitimu wake. Mwaka uliofuata ikaja tuzo ya mazingira ya Goldman. Ni rahisi kuzipanga kama ngazi za kupandia hadi Oslo, inakotolewa Nobel ya Amani; mimi naziona zaidi kama ngao.

Sababu ni mwaka 1989. Wangari alipinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wabunge walimkejeli bungeni, Rais Moi akasema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika anayefuata mila huwaheshimu wanaume na kunyamaza, na Green Belt Movement ikaamriwa kuhama ofisi ya serikali iliyokuwa ikitumia. Shughuli zote zilihamia nyumbani kwake South C, mafaili na wafanyakazi wakajazana vyumbani. Mtu asiyejulikana nje ya nchi angezimwa kimya kimya. Barua zake zilifika ng'ambo na zikasomwa kwa sababu alikwisha kujulikana huko, wafadhili wa jengo wakasita, na mpango ukafa.

Kwa mtazamo huo, kumtunuku mfadhiliwa anayejitolea kuna faida anapokuwa bado kazini na bado ana maadui. Nishani inayomkuta mtu amestaafu, ukumbi umejaa na kila mtu anakubaliana naye, humpendeza yeye na familia yake, na basi. Chuo cha Atchison kilimpa ya kwake mwaka mmoja baada ya bunge la kwao kumcheka. Sijui tendo bora zaidi ambalo chuo kinaweza kumfanyia mhitimu wake.

Kamati ya Nobel ilipomtangaza tarehe 8 Oktoba 2004, alikuwa naibu waziri wa mazingira na mbunge wa Tetu, na vuguvugu lilihesabiwa kupanda miti zaidi ya milioni 30. Hata Norway kwenyewe wapo waliouliza miti inahusiana vipi na amani. Siku hiyo alikuwa njiani kwenda Nyeri. Alipanda mti wa Nandi flame kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, na waandishi wa habari wakawa wanamfuata wakitaka kujua kuhusu fedha za tuzo.

Wakati huo vuguvugu lenyewe lilikuwa limekwisha kugundua kwamba senti nne zina kikomo. Malipo yalimfanya mtu atunze mche hadi siku ya ukaguzi; hayakumweleza kwa nini asilime hadi ukingoni mwa mto, au kwa nini ofisa anayegawa msitu wa umma kwa marafiki anapaswa kuulizwa. Ndiyo maana miaka ya 1990 mafunzo ya uraia na mazingira yaliongezwa. Watu waliketi chini ya mti au ukumbini na kuorodhesha shida zao, kisha wakaulizwa zimetoka wapi. Mwanzoni karibu zote walizitupia serikali. Wawezeshaji waliwauliza tena, na orodha ya pili, ya mambo ambayo wanakijiji wenyewe walikuwa wakiyafanya kwenye ardhi yao, ilichukua muda mrefu zaidi kuandikwa.